Skrubu Mbili za Mashemeji Wawili

Nyie mliobaki karakana, kila mkinikuta soko la samaki la Mwigobero mnaniuliza swali moja: "Fundi, uliondokaga kwa nini?" Nawajibu kwa mkato kwa sababu nina sato mkononi na jua linamharibu. Sasa nimekaa, sato nimeshamla, nawajibu kwa maandishi. Shule ilinishinda darasa la sita, kwa hiyo mwenye kutafuta makosa ya herufi atayapata mengi, ni zawadi yangu kwake. Lakini majina nitayaandika vizuri, kila mtu na kosa lake, asije mmoja akabebeshwa la mwenzake.

Vyeo sitavitaja. Nilikuwa "fundi" siku za kawaida, "wewe fundi" siku za kuharibika, na "fundi wetu mpendwa" siku ya kuagwa. Huo ndio mwendo wangu wote wa kupanda.

Nilianza kwa Mzee Rajabu. Karakana ilikuwa yake kabla haijawa ya huyu wa sasa. Alikuwa mchongaji wa milango, mtu wa maneno machache na tasbihi mfukoni. Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati la kanisani, nikidhani nitapewa ua nichonge.

Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Umekuja kuoa au kufanya kazi?"

"Kazi, mzee."

"Basi vua hilo shati. Jiwe lile pale. Noa."

Nilinoa patasi miezi mitatu. Kila jioni alichukua patasi niliyonoa akanyolea vinyweleo vya mkono wake wa kushoto. Ikinyoa, anaiweka kwenye ubao wa vyombo. Isiponyoa, ananirudishia. Mkono wake wa kushoto haukuwaga na unywele hata mmoja, wa kulia ulikuwa msitu. Mwezi wa nne akanipa penseli. Mwaka mzima nilichora kwenye mbao nisichonge. Nilipolalamika aliniambia, "Penseli inasamehe, patasi haisamehi. Jifunze kwanza kwa anayesamehe." Nilimwona mzee mkorofi tu. Nilikuwa na haraka ya kuharibu.

Nilifanya naye kazi mpaka akafariki. Watoto wake wanaishi mbali, hawakutaka vumbi, wakaiuza karakana na sisi tukiwa ndani, kama nyumba inavyouzwa na panya wake. Mnunuzi ndiye bosi wenu, Mafuru.

Mafuru nitamsema kwa haki. Ana sifa moja kubwa, hapendi ugomvi. Hiyo sifa ndiyo iliyonimaliza. Ana nyumba mbili. Mama Mkubwa ni wa Bunda, na Mama Mdogo ni wa Butiama, ndiye huyo mnayemwona ofisini na mihuri. Ili nyumba zote zitulie, Mafuru hugawa kila kitu sawa kwa sawa. Akinunua kanga, ananunua mbili za rangi moja. Akinunua sangara, anampasua kwa urefu, na kichwa anakipasua katikati, kila nyumba ipate jicho moja. Nimemshikia huyo sangara mwenyewe, sisimulii ya kusikia.

Siku moja akaja na maboksi mawili. Ndani kulikuwa na vyuma, nyaya na kitabu cha picha. Akasema hii ni mashine ya kuchonga kwa kompyuta, akaipa jina Roboti. Mkiiona sasa mnaiona kubwa, lakini kwa asili ni mashine ya watu wenye nafasi, wanaojifurahisha nyumbani wakichonga majina ya mbwa wao. Meza urefu mita moja na nusu. Juu ya meza kuna daraja la aluminiamu linalotembea mbele na nyuma, na kwenye daraja imening'inia rauta, mota inayozungusha kisu cha kuchongea kiitwacho biti. Wakati ule daraja lilivutwa na mikanda miwili ya mpira yenye meno, mmoja kila upande, kila mmoja na mota yake. Ni kama taimingi belti ya gari, ila nyembamba kama utepe wa sketi ya shule.

Siku ilipowashwa, mafundi watatu waliambiwa wakapumzike. Walikuwa na mikono mizuri kuliko mimi. Nilibaki mimi kwa sababu Roboti haijui kufagia wala kubeba mbao. Hivyo ndivyo nilivyonusurika, na naomba mtu asiniite shujaa.

Pamoja na Roboti alikuja Injinia Denis, mwenye cheti. Kompyuta anaijua, sitamnyima haki yake. Mbao alizijua kwa kuzikalia.

Kwenye paina Roboti ilienda vizuri. Ilipopewa mvule au mninga, mambo yakaanza. Mbao ngumu inashika biti, biti inavuta daraja, daraja linavuta mkanda, mkanda nao unavutika. Unaiambia ichonge duara, inachonga yai. Mteja mmoja aliagiza saa ya ukutani akapewa yai lenye namba kumi na mbili. Msalaba wa kaburi ulitoka mkono mmoja umechoka.

"Ni softwea," Denis akasema.

Akabadilisha softwea mara tatu. Yai likabaki yai. Nikabonyeza mkanda kwa dole gumba, ukabonyea kama kamba ya kuanikia nguo.

"Injinia, huu mkanda unavutika."

"Fundi, wewe fagia. Hii ni hesabu."

Mafuru naye hakutaka kuachwa nyuma. Akasema mashine yoyote duniani inataka mafuta, akaleta chupa ya mafuta ya sangara kutoka ufukweni, akaipaka mikanda kwa mkono wake. Mikanda ikaanza kuteleza kwenye meno, na paka wote wa Mwigobero wakahamia karakana. Wiki nzima tulichonga huku tumezungukwa na mashabiki. Andikeni hili: mkanda wa mpira haupakwi mafuta, ya samaki wala ya gari. Unafutwa kwa kitambaa kikavu, basi.

Siku ya paka wa kumi na moja nikamwita Mafuru kwenye benchi langu. Nikamwonyesha jiliwa, kile kibano cha skrubu cha Mzee Rajabu.

"Bosi, sukuma hiyo taya kwa mkono."

Akasukuma. Akasukuma kwa bega. Haikwenda.

"Sasa zungusha mpini."

Akazungusha kwa vidole viwili, taya ikaja taratibu mpaka pale alipotaka, ikasimama.

"Mkanda ni wa kuvuta," nikamwambia. "Mbao ikigoma, mkanda unakubaliana nayo. Skrubu haikubaliani na mtu. Tutoe mikanda, tuweke skrubu ndefu kila upande, mota izungushe skrubu, nati ya shaba ibebe daraja."

Denis alikuwa amesimama karibu. Akatoa simu, akapekua, akakuta wazungu wenye mashine kama yetu walishafanya hivyohivyo. Kuanzia dakika hiyo likawa wazo la Denis. Sikugomba. Wazo likishazaliwa, linalelewa na yeyote.

Nati za shaba, beringi na skrubu fupi ya kusogeza rauta kwenye daraja zilipatikana tayari. Kasoro zile ndefu mbili za pembeni. Hizo zilitakiwa zikerezwe. Na hapa ndipo tunapofika kwenye kosa ambalo sijui kama kuna taifa lingine lingelifanya.

Mafuru ana mashemeji wawili wanaokereza chuma. Kaka wa Mama Mkubwa anaitwa Maingu, yuko Nyasura pale Bunda, ana mashine kuukuu ya Kiingereza, nzito kama dhambi, iliyotoka kwenye kiwanda cha pamba. Kaka wa Mama Mdogo anaitwa Marwa, yuko Butiama, ana mashine mpya inayong'aa. Mtu mwingine angechagua mmoja. Mafuru alifanya kama kichwa cha sangara.

"Skrubu ya kushoto itatoka Bunda," akatangaza, "na ya kulia itatoka Butiama."

Nikamwambia, "Bosi, hizi ni pacha. Pacha hawazaliwi na mama wawili."

"Fundi, wewe huna wakwe?"

"Ninao."

"Nyumba ngapi?"

"Moja, bosi."

"Basi nyamaza."

Nikanyamaza. Na mimi jina langu liandikeni hapo, Masatu, kosa la kunyamaza.

Skrubu zikaja. Moja imefungwa kwenye gunia, moja kwenye karatasi ya zawadi, na sitasema ipi ilitoka kwa nani. Kwa macho zilifanana. Nikazifunga mwenyewe, kwa sababu Denis alisema chuma kinamchafua. Yafuateni haya mkija kufunga nyingine. Beringi za pande mbili zipangwe kwa uzi uliovutwa, msikisie kwa jicho. Nati msiikaze mapema. Sogezeni daraja mpaka mwisho, liacheni lijipange lenyewe, ndipo mkaze, kisha mlirudishe mwanzo mkaze huko nako. Ukikaza kwanza unailazimisha skrubu kupinda, na skrubu iliyolazimishwa hulipa kisasi. Mimi nilikaza upande wa mwanzo, nikawa napeleka daraja mwisho kwa mkono, Denis akasema inatosha, bosi anasubiri kupiga picha. Bosi mwenyewe alikuwa mlangoni na simu. Nikaacha. Kosa la pili la Masatu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kibao cha KARIBU cha mlangoni kwetu. Mashine ikanguruma kwa heshima, ikainuka, tukaangalia. Tukasogea. Tukainama. KARIBU yote ilikuwa imekaa kwenye nafasi ya kijiti cha kiberiti.

Mama Mdogo alitoka ofisini akavaa miwani. "Hii ni karibu ya sisimizi?"

Ni kwamba mkanda ulikuwa unasogeza daraja milimita arobaini kwa mzunguko mmoja wa mota, na skrubu inasogeza milimita tano. Ukibadilisha miguu ya mashine lazima uiambie kompyuta kwamba hatua zimekuwa fupi. Denis alisahau kuiambia. Nikamuuliza kwa upole kama hiyo nayo ni hesabu au nifagie tu. Akarekebisha namba.

Baada ya hapo, jamani, raha. Duara likawa duara. Nilipima kwa bikari, nikapima tena kwa sababu sikuamini. Wiki nzima tulitoa vibao vya majina, namba za mitumbwi, vibao vya "Usikojoe Hapa". Vyote urefu wa mkono mpaka kiwiko. Vyote tulivifunga kwenye kona ya mwanzo wa meza, karibu na mlango, ili tusichoke kutembea. Hakuna hata mmoja wetu aliyelipeleka daraja mwisho wa meza. Mafuru alipiga picha, kila nyumba akaitumia idadi ileile.

Ndipo akaja Mama Nyangeta.

Alishuka kwenye boti pale Mwigobero akitokea kijiji cha upande wa Majita, nyuma yake wanaume wanne wamebeba ubao. Nimeona mbao nyingi. Huo ulikuwa ubao mmoja wa mvule, upana wa mlango mzima, hauna kiungo, hauna fundo, rangi ya asali iliyokaa. Waliuegemeza ukutani, kila aliyekuwa karakana akaja kuugusa, hata Denis.

Mumewe alikuwa mvuvi. Mvule ulikuwa uani kwao tangu kwa babu yake. Alipougua alisema mti huo uwe mlango wa kanisa lao la kijijini, kanisa ambalo watu wa huko walilijenga wenyewe kwa mawe ya ziwani na lilikuwa bado halina mlango. Akafariki. Mti ukakatwa. Mbao nyingine zote zilipasuka, ukabaki huu.

"Mwingine sina," akasema. "Mti mwingine sina. Na mume mwingine ndio kabisa. Nani atachonga?"

"Roboti, mama," Mafuru akajibu kwa majivuno.

"Roboti mtoto wa nani?"

"Ni mashine, mama. Hii hapa."

Mama akaizunguka mashine kama anayekagua ng'ombe wa mahari. "Hii ikiniharibia nitaishika wapi? Mimi nataka mtu. Nataka jina la mtu."

Mafuru akaangalia dari. Denis akaangalia simu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Masatu, mama. Mimi ndiye nitasimama."

Alinishika mkono kwa mikono miwili. Alipoondoka, Mafuru akanivuta pembeni. Hakufoka, hapendi ugomvi. Aliniambia tu, "Umesema utasimama. Ubao huo ukiharibika, Masatu, utasimamia nje ya geti."

Mchoro ulikuwa mzabibu pembeni na msalaba katikati, na ulichukua karibu meza yote, ncha za ubao zikabaki nje. Niliomba tujaribu kwanza kwenye paina ya urefu uleule. Mafuru akasema tumejaribu wiki nzima, na Jumapili ya kufungua kanisa imekaribia. Basi nikaitoa biti kwenye rauta, nikafunga penseli mahali pake kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Denis alicheka mpaka akakaa.

"Fundi anairudisha mashine chekechea!"

"Mimi nilikaa chekechea hiyo mwaka mzima, mura. Washa."

Mura ni neno la kumwita kijana wa kiume kwa upendo. Siku hiyo upendo haukuwemo.

Penseli ikaanza kuchora kwenye mvule. Majani ya kwanza mazuri. Mstari wa mwanzo, nikauwekea skwea, ile rula ya kona, umenyooka. Daraja likaenda. Kufika katikati likaanza kuguna. Likaenda tena, likawa linatoa sauti ya mtu anayemeza kiazi kikavu. Baadaye kidogo nikaona kwa macho yangu, upande wa kushoto umetangulia, wa kulia umebaki, daraja limekaa mshazari kama mlevi anayepita mlangoni. Halafu kra-kra-kra-kra, mota ikashindwa, penseli ikaruka, ikachora mstari kupita katikati ya msalaba kona kwa kona, ikavunjika.

Nikagonga kitufe chekundu.

Tukabaki tunautazama ule mstari. Mstari wa penseli. Ingekuwa biti, ungekuwa mfereji wa kina cha kidole kwenye ubao wa mume wa mtu.

"Softwea," Denis akasema, ila safari hii kwa sauti ndogo.

Nikafungua skrubu zote mbili. Nikazilaza kwenye benchi ubavu kwa ubavu, meno ndani ya meno. Mwanzoni zililala kama bwana na bibi harusi. Kabla shubiri haijaisha, mgongo wa hii ulikuwa umepanda mgongo wa ile. Mbele zikapatana tena, mbele yake zikagombana tena, hivyohivyo mpaka mwisho. Nikahesabu meno mia mbili kwenye kila moja, nikaweka alama ya chaki. Ya Butiama iliishia mita moja kamili. Ya Bunda ilikuwa imeipita kwa upana wa kidole. Mita moja tu, kidole kizima. Ndiyo maana vibao vifupi vilitoka vizuri. Kwenye kibao kifupi hata wabaya hupatana.

Mafuru akaitisha kikao. Maingu akaja toka Bunda, Marwa akaja toka Butiama, chai ikaletwa, maandazi idadi sawa kila upande.

"Mashine yangu ni ya inchi," Maingu akasema. Ni mzee mpole, anaongea huku anasugua vidole kama bado vina grisi. "Nimeletewa karatasi ya milimita tano. Milimita mimi sina. Nikakata meno matano kwenye inchi moja, yanakaribiana sana. Nikasema nani ataona?"

"Roboti imeona, shemeji," nikamwambia.

Marwa akaruka. "Mimi nimefuata karatasi! Karatasi hii hapa! Ya kwangu ndiyo sahihi, itolewe hiyo ya mzee."

"Sahihi kitu gani? Ya kwako ina makovu kama mtu aliyenyolewa na chupa!"

"Chuma si sura, mzee!"

"Na wewe si fundi, kijana!"

Mafuru akainua mikono. "Jamani, jamani. Hatuwezi kukutana katikati? Kila mmoja apunguze kidogo?"

"Bosi," nikasema, "hivi ni vyuma, si mahari."

Nikawaeleza. Skrubu ya Maingu peke yake haina kosa, ya Marwa peke yake haina kosa la hesabu. Yeyote akitengeneza zote mbili, kompyuta inaambiwa namba yake, kazi inakwenda. Nikamuuliza Denis kama kila mota inaweza kupewa namba tofauti. Akatikisa kichwa, akasema ubongo wa mashine hii unatoa amri moja tu kwa mota zote mbili za pembeni. Siku hiyo alisema kweli, nampongeza.

"Kwa hiyo achague bosi," nikasema. "Mmoja atengeneze zote."

Maingu akamwangalia Mafuru. Marwa akamwangalia Mafuru. Mlangoni alikuwa amesimama Mama Mdogo, mihuri mkononi, naye akamwangalia Mafuru. Mwenye nyumba mbili akanywa chai iliyokwisha kwenye kikombe.

"Tuipe muda," akasema.

Ukapita muda. Ubao umelala, mzabibu wa penseli juu yake. Mama Nyangeta akanipigia simu. Fremu ya mawe wameshaijenga, mgeni wa kufungua kanisa wameshamwalika. "Fundi, bado umesimama?"

"Nimesimama, mama."

Nilipokata simu nikachukua skrubu zote mbili nikazibiringisha kwenye kioo cha meza. Ya Marwa ilidunda, mwanga ukapita chini yake, maana yake imepinda. Ya Maingu ililala kama maji kwenye beseni. Hapo nikajua ni nani, na sikutumia kigezo kingine. Chuma hakina shemeji. Nikaifunga ya Maingu kwenye kanga ya mke wangu, nikapanda gari la Bunda bila kumuaga mtu.

Maingu alinikuta mlangoni kwake Nyasura. "Mafuru kakutuma?"

"Ubao ndio umenituma."

Hakuuliza malipo. Kusikia tu kwamba ya Marwa inatolewa, alikuwa ameshalipwa. Alichagua fimbo ya chuma, akaifunga kwenye mashine yake kuukuu, akakereza kwa mwendo wa mtu anayesali. Aligusa mara nyingi, alikata kidogo. Mwisho akapitisha kidole kwenye meno yote, akazilaza mbili pamoja, zikazama moja ndani ya nyingine toka mwanzo hadi mwisho bila hata sauti.

"Dada yangu atacheka wiki nzima," akasema. "Na yule mwingine wa ofisini unajua atakufanya nini?"

"Najua, mzee."

"Na bado umekuja?"

"Nilishasema nitasimama."

Nikafunga. Safari hii nati nilizikaza kama nilivyowaandikia juu, mwisho kwa mwanzo, bosi na simu yake wakasubiri. Denis akaweka namba ya inchi bila ubishi. Nikafuta mchoro wa zamani kwa msasa laini, nikarudisha penseli, mashine ikachora kila jani mpaka mwisho wa meza. Pembe zote nikazipima skwea. Ndipo nikaweka biti. Siku mbili ilichonga, mimi pembeni yake na brashi, nikiondoa unga wa mbao kwenye skrubu, kwa sababu unga ukichanganyika na grisi unakuwa gundi. Daraja lilipofika pale lilipokufa mara ya kwanza, likapita.

Mama Nyangeta alikuja kuuchukua. Alipitisha kiganja kwenye mzabibu wote, jani kwa jani, akafika kwenye msalaba akakiacha kiganja hapo muda mrefu. Wanaume wake wanne wakavua kofia.

"Basi," akasema mwishoni. "Umesimama vya kutosha, baba. Sasa pumzika."

Hakujua kauli yake itatimia haraka. Jumatatu iliyofuata nilipewa barua kutoka ofisini, muhuri umekaa vizuri kabisa, kwamba kwa kutambua mchango wangu wa muda mrefu na umri wangu, naruhusiwa kupumzika kwa heshima. Nina miaka hamsini na tatu. Baba yangu bado analima.

Mlikuwepo kwenye kuniaga. Soda zilikuwepo, keki ilikuwepo. Marwa alitoa hotuba kuhusu nidhamu kazini na kutopita juu ya wakubwa. Denis alishukuriwa kwa kuiboresha Roboti. Mama Mdogo alinivalisha kitenge begani akakikaza shingoni zaidi kidogo ya ilivyotakiwa. Mafuru alinipa mkono huku anaangalia keki. Nilitegemea aseme neno moja tu, hata kimyakimya. Alisema, "Unajua mimi sipendi ugomvi, Masatu." Ninajua.

Sasa mwezi uliopita watatu kati yenu mkanifuata nyumbani Makoko. Mkakaa kwenye mkeka, mke wangu akawapa uji, mkazunguka zunguka mpaka mmoja akasema.

"Fundi, daraja linaguna tena. Likifika katikati linakaa mshazari."

"Kushoto kuna skrubu gani?"

"Ya Bunda."

"Na kulia?"

Mkaangaliana. "Bosi ameirudisha ile ya shemeji Marwa. Alisema ni heshima tu, ikae hata kama haifanyi kazi."

"Na nyumbani kwa bosi kukoje?"

"Amani, fundi. Juzi wake zake wote wawili wamekula sahani moja."

"Basi mashine ni nzima," nikawaambia. "Nyie chongeni vibao vifupi."